Kabla Hujatangaza Mpangilio Mpya wa Sumaku: Mwongozo wa Kazi ya Maabara

Grafu ya usumaku dhidi ya halijoto ilikuwa nzuri mno. Nilikuwa na fuwele ya kampaundi ya manganizi, miligramu 6 tu, nikaipoza taratibu, na ilipofika kelvini 42 mstari ukapanda ghafla kana kwamba spini zote (visumaku vidogo vya elektroni) zimeamka kwa pamoja. Nilikaa wiki 3 nikipekua nadharia za mpangilio usio wa kawaida, nikitafuta ule utakaoielezea nundu yangu. Kisha mwenzangu aliyenitangulia katika kazi hii akaniuliza swali moja: uso wa fuwele umeusugua? Nikausugua kwa msasa laini kabisa, nikaiosha fuwele, nikaipima upya. Nundu haikuwepo. Ilikuwa Mn3O4, utando mwembamba wa oksidi juu ya uso wa fuwele, na oksidi hiyo hugeuka sumaku karibu na kelvini 42 popote inapokutwa.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Msingi wake ni kwamba kila chombo cha maabara hujibu swali lake na si la jirani yake. Magnetomita, yaani kipima usumaku, inakuambia kuna sumaku mahali fulani ndani ya kishikio cha sampuli. Joto mahususi, yaani joto linalohitajika kupandisha halijoto ya fuwele, linakuambia kama fuwele nzima imehusika. Muoni, chembe ndogo zisizodumu zinazopandwa ndani ya fuwele, zinakuambia ni sehemu gani ya fuwele iliyojipanga, na nyutroni zinakuambia imejipanga vipi. Majibu hayo yakikubaliana, tena kwa fuwele ileile, hapo una dai la kusimamia.

Tuelewane kwanza kuhusu huo mpangilio usio wa kawaida. Katika feromagneti spini zote huelekea upande mmoja. Katika antiferomagneti majirani hupingana, jambo ambalo Louis Néel alilifikiria katika miaka ya 1930 na ambalo Clifford Shull na Samuel Smart walilionyesha kwa nyutroni mwaka 1949 wakitumia MnO. Hayo mawili ndiyo ya kawaida. Leo tunasaka mengine: spini zinazojizungusha kama ngazi ya duara, vifundo vya sumaku viitwavyo skirmioni, spini zilizokaa kwa pembe za digrii 120, altamagneti ambazo jumla ya usumaku wake ni sifuri lakini elektroni zake zimetengana kwa spini, na hali ambazo spini hukataa kabisa kutulia hata karibu na sifuri kamili.

Hatua ya 1: Ijue fuwele kabla ya kuipoza

Ubishi mwingi katika fani hii, ukiufuatilia hadi mzizi wake, unaishia kwenye fuwele. Kwa hiyo usiikimbie hatua hii hata kama muda wa kutumia mashine umekaribia.

Chukua kipande kutoka kundi lilelile, kisage kuwa unga, ukipige eksirei. Pima viwango vya elementi kwa darubini ya elektroni katika sehemu kadhaa za uso, si moja. Piga picha ya Laue (picha ya eksirei ya fuwele isiyosagwa) uone kama fuwele ni moja au ni mbili zilizoungana. Ila ujue kwamba eksirei ya kawaida ya unga haioni vizuri uchafu ulio chini ya asilimia 1 hivi, na asilimia 1 ya kitu chenye usumaku mkali inatosha kukupoteza. Eksirei safi ni ruhusa ya kuendelea, haijathibitisha usafi.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanaoanza ni α-RuCl3, kampaundi ya rutheniamu na klorini. Fuwele zake ni vibapa vyeusi vinavyong'aa, vyembamba, na ukikiinua kimoja kwa kibano hujikunja kidogo kama jani. Ni mkunjo huohuo unaoharibu kila kitu. Tabaka zake zimeshikana kwa nguvu hafifu, kwa hiyo ukizibana au kuzikunja huteleza na kupangana vibaya. Fuwele nzuri hujipanga kisumaku karibu na kelvini 7. Iliyoteleza tabaka huonyesha mpito mwingine karibu na kelvini 14. Kuna wakati watu walidhani namba hizo mbili ni fizikia ya kampaundi yenyewe, kumbe moja ilikuwa habari ya namna fuwele ilivyokuzwa na kushikwa. Kibapa cha aina hii kiinue kwa ncha ya karatasi iliyopakwa grisi kidogo, wala usikikate kwa wembe kama hakuna ulazima.

Hatua ya 2: Magnetomita

Tumia kibano cha plastiki, au cha shaba, kamwe kisiwe cha chuma. Hesabu yake ni fupi: chembe ya chuma ya mikrogramu 1, ambayo jicho huiona kwa shida, ina usumaku wa takriban emu 0.0002 (emu ni kizio cha usumaku) ikishiba. Magnetomita nzuri ya skwidi (yenye kihisio cha kipitishio kamili, kisicho na ukinzani wa umeme kikipozwa) husoma hadi karibu emu 0.00000001. Chembe hiyo moja ni mara 20,000 ya kile chombo kinachoweza kukihisi. Ikiwa unatafuta usumaku dhaifu, chembe hiyo ndiyo utakayoipima.

Pima kishikio kitupu kwanza, kwa halijoto zote na uga wote utakaoutumia. Kisha weka fuwele, andika mhimili wake upi uko sambamba na uga sumaku, na ufanye safari mbili: moja umepoza bila uga ndipo ukauwasha na kupima wakati wa kupasha, nyingine umepoza uga ukiwa umewashwa. Mistari miwili ikitengana, kuna kitu kinachokumbuka historia yake: feromagneti, spini zilizoganda ovyo, au uchafu. Na "bila uga" iwe kweli. Sumaku ya kipitishio kamili iliyotoka kwenye tesla 7 hubaki na mabaki ya militesla kadhaa hata kioo kinaposema sifuri. Ishushe kwa kuiyumbisha, chanya kisha hasi, kila mara kidogo zaidi, mpaka ifike sifuri.

Hapa kuna namba za kukariri, kwa sababu zitakuokolea miezi. Nundu karibu na kelvini 42 katika kampaundi ya manganizi: shuku Mn3O4. Nundu kati ya kelvini 40 na 55 katika kampaundi yoyote ile: shuku oksijeni ya hewa iliyoganda ndani ya kishikio, kwa kuwa oksijeni yenyewe ina usumaku na hubadili hali katika eneo hilo. Toa hewa yote, ingiza heliamu, rudia. Kelvini 69 katika kampaundi ya europiamu ni EuO. Karibu na kelvini 120 kuna MnO na kuna magnetaiti, na magnetaiti iko katika vumbi la karibu kila karakana.

Juu ya mpito, chora kinyume cha suseptibiliti (kiasi ambacho fuwele huitikia uga) dhidi ya halijoto. Ukipata mstari ulionyooka, mteremko wake unakupa momenti, yaani nguvu ya sumaku, ya atomu moja, na mahali unapokata mhimili wa halijoto panakupa θ, kipimo cha nguvu ya spini kuvutana au kupingana. Ioni ya manganizi yenye chaji +2 inatakiwa itoe takriban magnetoni 5.9 za Bohr, kizio cha momenti ya atomu. Ukipata 5.2, kabla ya kuandika lolote kuhusu tabia ya ajabu ya elektroni, rudi kwenye mizani upime uzito tena. Na usichore mstari huo katika eneo dogo linalokupendeza. Kama θ ni kelvini 100, data ya kelvini 120 hadi 200 haitoshi, panda hadi 300 au zaidi ikiwezekana. Ukigawa θ kwa halijoto ya mpito ukapata zaidi ya 10, umekutana na spini zinazopingana pasipo suluhu, na hapo ndipo mpangilio wa ajabu hupenda kuzaliwa.

Hatua ya 3: Joto mahususi

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachorukwa. Sababu ya kukiamini ni kwamba kinapima kwa uwiano wa kiasi. Magnetomita humsikia mwenye sauti kubwa hata akiwa mmoja katika elfu, ilhali joto mahususi huhesabu kila mtu. Utando wangu wa Mn3O4 haukuonekana hapa hata kidogo, na laiti ningepima mapema nisingepoteza wiki zile 3.

Pima grisi peke yake kwanza, kisha ongeza fuwele bila kugusa grisi. Ondoa mchango wa mitetemo ya atomu kwa kupima kampaundi ndugu isiyo na usumaku, yenye zinki, lanthanamu au itriamu mahali pa atomu ya sumaku. Kinachobaki kigawe kwa halijoto na ukijumlishe toka chini kwenda juu: hiyo ni entropi ya spini, kipimo cha vurugu yake. Spini ya nusu inatakiwa kuachia jouli 5.76 kwa moli kwa kelvini, yaani R ln 2, R ikiwa kiwango kisichobadilika cha gesi. Ikiachia robo tu kwenye mpito na iliyobaki ikatawanyika juu yake, spini zilikuwa zimeshaanza kushauriana muda mrefu kabla ya kujipanga. Ikikosekana kabisa, huenda iko chini zaidi, na utahitaji friji ya mchanganyiko wa heliamu ili ushuke chini ya kelvini 0.1.

URu2Si2, kampaundi ya uraniamu, rutheniamu na silikoni, ni somo kubwa hapa. Tangu mwaka 1985 inajulikana kwamba kwa kelvini 17.5 joto lake mahususi linaruka, na entropi inayohusika ni kama asilimia 20 ya R ln 2. Nyutroni nazo zikaona momenti ya 0.03 tu ya magnetoni ya Bohr, ndogo mno kubeba entropi yote hiyo. Namba hizo mbili zilikataa kupatana, na kukataa kwao kulikuwa ukweli: baadaye ilibainika kwamba ile momenti ndogo ilitoka katika visehemu vya fuwele vyenye mkazo, si katika hali yenyewe. Mpangilio halisi ukabaki umejificha, na hadi leo unajadiliwa.

Hatua ya 4: Muoni

Muoni chanya hupandwa ndani ya fuwele spini yake ikiwa imeelekezwa, hukaa mikrosekunde 2.2 kwa wastani, kisha huvunjika na kutupa positroni (elektroni yenye chaji chanya) zaidi kuelekea upande wa spini. Ikikuta uga wa ndani, huzunguka kwa megahezi 135.5 kwa kila tesla. Mawimbi yakionekana bila uga wowote wa nje, spini za fuwele zimetulia na kujipanga.

Uzuri wake ni kwamba kila muoni husoma mahali pake tu. Katika sampuli ya unga, ikiwa fuwele nzima imejipanga, theluthi mbili za mawimbi zitazunguka na theluthi moja itabaki imesimama. Ukiona sehemu ndogo tu inazunguka, basi sehemu ndogo tu imejipanga, na lazima uiseme. Tumia bamba la fedha nyuma ya sampuli, maana muoni zinazokosea njia na kutua kwenye fedha hutoa mstari karibu bapa ambao ni rahisi kuuondoa. Vituo vya kazi hii ni vichache: PSI ya Uswisi, ISIS ya Uingereza, TRIUMF ya Kanada na J-PARC ya Japani. Muoni haikuambii sura ya mpangilio, usiilazimishe.

Hatua ya 5: Nyutroni

Nyutroni haina chaji lakini ina momenti ya sumaku, na urefu wa wimbi lake unalingana na umbali kati ya atomu. Ndiyo maana inaweza kuchora ramani ya spini. Kabla ya kuomba muda, angalia elementi zako: kadmiamu, gadoliniamu, samariamu na europiamu hunyonya nyutroni kiasi cha kuacha giza, iridiamu nayo ni tatizo. Angalia pia ukubwa. Kwa vilele vya Bragg (pembe ambako nyutroni zilizotawanywa na mpangilio hujikusanya) milimita moja au mbili za ujazo zinaweza kutosha, ila kwa mawimbi ya spini utahitaji gramu, na mara nyingi hiyo ina maana ya kubandika fuwele kadhaa kwa uangalifu zielekee upande mmoja.

Pima mara mbili, mbali juu ya mpito na mbali chini yake, kisha toa moja kwa nyingine. Vilele vipya vilivyobaki ndivyo habari yako. Kinachobaki kikiwa na sura ya kilima kilichoshikana na bonde, si kilele kipya: kimiani cha fuwele (mtandao wa atomu zake) kimesinyaa kidogo na kilele cha zamani kimesogea. Vilele vipya vikiwa katikati kabisa ya vile vya zamani, chembe ya mpangilio (kipande kidogo kabisa kinachojirudia) imejirudufu, kama Shull na Smart walivyoona katika MnO. Vikiwa mahali pasipolingana na sehemu rahisi kama nusu au theluthi ya umbali kati ya vile vya zamani, spini zinajizungusha kwa hatua isiyolingana na kimiani.

Baada ya hapo jaribu kuvua kila kilele uhalali wake. Je, kinadhoofika kadiri pembe ya mtawanyo inavyokua? Cha sumaku lazima kidhoofike, kwa kuwa elektroni zinazobeba spini zimetandaa. Je, kinafifia kwa ulaini hadi sifuri kwenye halijoto ileile iliyoonyeshwa na joto mahususi? Kikibaki pale juu ya mpito, huenda ni nyutroni zenye nusu ya urefu wa wimbi zilizopenya pamoja na zile ulizozichagua, nazo hupenda sana kuiga kujirudufu kwa chembe. Chuja kwa grafiti au kwa beriliamu iliyopozwa. Je, kinabaki ukiizungusha fuwele kuzunguka mhimili wa kilele chenyewe? Kikipanda na kushuka kwa mzunguko huo, ni mtawanyo wa mara nyingi, yaani nyutroni iliyotawanywa zaidi ya mara moja ndani ya fuwele.

Jaribio hilo la mwisho si la kupoteza muda. RuO2 iliwahi kuwa kielelezo cha altamagneti: mwaka 2017 nyutroni zilionyesha momenti ya kama 0.05 ya magnetoni ya Bohr, na kazi nyingi zikajengwa juu yake. Mwaka 2024 muoni ziliingia ndani ya fuwele zake na hazikuona mpangilio wowote, na nyutroni zilipopimwa upya kilele kile kikaelezeka kwa mtawanyo wa mara nyingi. MnTe, kwa upande wake, imesimama imara, kwa sababu mpangilio wake unajulikana kwa vipimo kadhaa na unaanza karibu na kelvini 310. Altamagneti zina ugumu wake: chembe hairudufu, kwa hiyo vilele vya sumaku huangukia mahali pa vilele vya atomu. Hapo utahitaji nyutroni zilizochaguliwa spini ili kutenganisha.

Kumbuka pia kwamba nyutroni huona tu sehemu ya momenti iliyo wima kwa mwelekeo wa mtawanyo. Kilele kinachokosekana mahali kilipotarajiwa ni zawadi: kinakuonyesha spini zinaelekea wapi. Katika MnSi, wakati timu ya Munich mwaka 2009 ilipoelekeza uga sambamba na mwali wa nyutroni, karibu na kelvini 29, yalitokea madoa 6 kwenye pembe za heksagoni. Huo ndio ulikuwa mpangilio wa skirmioni, na ulionekana kwa kuwa walichagua mwelekeo uliofaa.

Mtego mmoja nyutroni peke yake haziwezi kuutegua. Madoa 6 yanaweza kutoka katika mawimbi matatu yaliyokaa pamoja kila mahali, au katika maeneo matatu tofauti ya fuwele, kila moja na wimbi lake. Picha ni moja. Bana fuwele kidogo upande mmoja, au weka uga: maeneo yakiwa tofauti, madoa mawili yatakua na manne yatafifia. Kipimo cha Hall (volti inayojitokeza kando ya mkondo wa umeme) nacho husaidia. Katika CoTa3S6 ushahidi wa mawimbi matatu yenye spini zisizolala katika bapa moja ulitoka kwa nyutroni na Hall kwa pamoja mwaka 2023. Mn3Sn ilishafungua njia hiyo mwaka 2015, ilipotoa mwitikio mkubwa wa Hall kwenye joto la kawaida la chumba ilhali jumla ya usumaku wake ni sehemu chache tu kati ya elfu za magnetoni ya Bohr.

Nyutroni zikishindikana

Kwa iridiamu nenda sinkrotroni (kituo cha eksirei kali), weka eksirei kwenye kiloelektronivolti 11.2, ukingo wa L3, nishati ambayo iridiamu huanza kunyonya eksirei kwa nguvu na ambapo spini huonekana kwa nguvu ya kushangaza. Punje ndogo inatosha. Angalia tu mwali usiipashe fuwele joto: kama mpito wako umeshuka kelvini 3 ukilinganisha na joto mahususi, punguza mwali uone kama unarudi.

Hatua ya mwisho: kuandika na kutunza

Usipoona vilele vipya, usiandike "hakuna mpangilio". Chukua kilele dhaifu kabisa cha atomu ulichoweza kukiona, kokotoa momenti ambayo ingetoa kilele cha ukubwa huo, kisha andika kwamba momenti, kama ipo, ni chini ya hiyo.

Na panga foleni ya vipimo kwa kujua kwamba nyutroni huacha alama. Manganizi iliyopigwa mwali ina nusu-uhai wa saa 2.6, kesho yake inashikika. Kobalti ina nusu-uhai wa miaka 5.27, na fuwele yako inaweza kubaki kwenye kabati la risasi la kituo ukiwa umeshahitimu. Kwa hiyo magnetomita, joto mahususi, darubini na Hall vyote vitangulie. Kila fuwele iwe na kikasha chake kilichoandikwa kundi ilimotoka, uzito, uso uliosuguliwa na tarehe, mara ngapi imepozwa na kupashwa, na mhimili uliowekwa alama ya wino. Kikasha cha kibapa cha α-RuCl3 kiwe na gesi ya agoni ndani, na kibapa kilale juu ya karatasi laini bila kubanwa na chochote.